Uhai wa Mama Si Hisani ya Jukwaani

Kila mshiriki wa kanisa katika nchi hii anaijua bahasha ile. Hupitishwa baada ya ibada, nayo imeandikwa jina la marehemu: mama aliyefariki akijifungua, ambaye maiti yake ingali mochari kwa kuwa bili haijalipwa. Tunachanga, tunaomba, tunazika. Kisha tunaambiwa ni mapenzi ya Mungu. Sisi tunakataa kumbebesha Mungu mzigo ulio wa Serikali.

Mama huyu huuawa na nini? Mara nyingi ni damu imvujayo baada ya mtoto kuzaliwa, au kifafa cha mimba, au uchungu uliokwama, au maambukizi. Hakuna hata moja kati ya haya lililo fumbo kwa tabibu. Utafiti uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na kutangazwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba mkunga akimtandikia mzazi plastiki yenye alama za kupimia damu, na kumpa tiba zote kwa pamoja mara damu izidipo kiasi, visa vya kuvuja damu vibaya hupungua kwa asilimia 60. Plastiki hiyo ni kitu rahisi. Kilicho kigumu ni kuhakikisha kwamba saa nane za usiku mkunga yupo, dawa imo kabatini, damu imo kwenye friji, na gari la wagonjwa lina mafuta. Huo ndio uitwao mpango, nao hauwezi kutangazwa jukwaani ukatimia jioni ile ile.

Na historia yetu ni ya matangazo. Februari 1987 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kimataifa juu ya usalama wa wazazi. Haikupita hata miaka mitatu: Desemba 1989 Serikali iliyowapokea wageni hao ilianza kuwatoza wagonjwa ada katika hospitali za umma. Ada ilisitishwa mwaka 1990, kisha ikarudishwa kwa awamu. Mwaka 2007 ada ya kujifungua ikafutwa katika zahanati na vituo vya afya. Tarehe 1 Juni 2013, Siku ya Madaraka, Rais akatangaza kwamba tangu siku hiyo kujifungua katika hospitali zote za umma ni bure. Umati ulishangilia, na sisi hatukuwa na sababu ya kununa. Lakini vitanda havikuwa vimeongezwa, wala wakunga.

Agosti mwaka huo huo mama mmoja alijifungua sakafuni katika hospitali ya umma huko Bungoma, baada ya kutakiwa ajinunulie dawa. Alikwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba utu wake ulivunjwa, akatuzwa fidia ya shilingi milioni 2.5. Wanasheria wenzetu hupenda kuishangilia hukumu hiyo. Tunaiheshimu, ila haki iliyochukua karibu miaka mitano si mkunga.

Akina mama wenyewe wametimiza sehemu yao. Mwaka 2008 hadi 2009, ni wazazi 44 tu kati ya 100 waliohudumiwa na mtu mwenye ujuzi. Mwaka 2022 walifika 89, ingawa Mandera, Wajir, Samburu na Tana River zimeachwa nyuma sana. Basi wanafika. Wakishafika hukuta nini? Uchunguzi wa vifo vya uzazi vya mwaka 2014 ulikuta kwamba takriban 9 kati ya 10 ya marehemu waliochunguzwa hawakupata huduma iliyostahili. Sensa ya 2019 ilihesabu vifo 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Lengo la mwaka 2030 ni 70. Na mtoto hufuata nyayo za mamaye: zaidi ya nusu ya watoto wanaofariki kabla ya kutimiza miaka 5 hufariki katika mwezi wa kwanza, wakati ambapo wangeokolewa na mkunga yule yule na wodi ile ile.

Oktoba 2024 NHIF iliondolewa, ikaingia SHA, na utaratibu wa Linda Mama ukageuzwa tena. Hatubishani hapa juu ya herufi za bima. Kadi ya bima, hata iwe nzuri namna gani, haimwongezei mtu damu.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya afya, ikiwemo afya ya uzazi. Hospitali za kaunti zi mikononi mwa kaunti, na Kifungu cha 201 chadai kwamba wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili. Kwa hiyo tunawasihi wazee wa kanisa, vyama vya akina mama na vijana wa parokia wachague watu watatu waende kwa mwakilishi wadi wao kabla ya siku hiyo. Wamwulize ni wakunga wangapi wa zamu ya usiku wametengewa mshahara, ni painti ngapi za damu hospitali ya kaunti huweka akiba, na ni nani aliyechunguza kifo cha mwisho cha mzazi na akaandika nini. Majibu yaandikwe, yasomwe kanisani Jumapili inayofuata pamoja na matangazo mengine, kabla bahasha haijapitishwa.