Ajali Ina Kinga

Kila chombo cha abiria kinapozama, viongozi, watangazaji na waombolezaji hurudia kauli moja, kwamba ajali haina kinga. Matangani kauli hiyo ina nafasi yake, kwa kuwa mfiwa huhitaji kuliwazwa kabla ya kuelezwa lolote, na imani kwamba siku ya mtu iko mikononi mwa Mungu haistahili kubezwa. Kauli hiyo inapotoka matangani ikaingia ofisini na kuwa kipimo cha sera za umma, huwa ni kosa la kufikiri linaloua.

Kosa lenyewe ni kuchanganya mambo mawili. Ni kweli kwamba hakuna ajuaye safari ipi itaharibika wala abiria yupi atapona. Lakini uwezekano wa ajali, yaani kadiri ya safari zinazotarajiwa kuharibika kati ya nyingi zinazofanywa kwa namna ileile, hupanda na kushuka kwa sababu zinazofahamika na kupimika.

Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, katika Ziwa Viktoria. Waliokufa walizidi 220, maana yake maiti peke yake zilikuwa zaidi ya mara mbili ya abiria waliopaswa kuwamo. Chombo cha majini kinapolala upande hujiinua chenyewe ikiwa kitovu chake cha uzito, yaani nukta ambayo uzito wote huhesabiwa kuwa umekusanyika hapo, kiko chini vya kutosha. Watu wanaposongamana juu ya sitaha na magunia yakarundikwa, kitovu hicho hupanda, nguvu ya kujiinua hupungua, na hatimaye abiria kusogea upande mmoja, kama ilivyo desturi yao wakikaribia kushuka, hutosha kukipindua. Hakuna siri yoyote hapo. MV Bukoba ilikuwa imezama katika ziwa hilohilo tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imejaza kupita kiasi, na MV Spice Islander ikafuata mwaka 2011 kati ya Unguja na Pemba, nayo imejaza vilevile. Uingereza ililazimisha meli za biashara kuchorwa mstari wa shehena, yaani alama ya ubavuni inayoonyesha mwisho wa kupakia, kwa sheria ya mwaka 1876, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kuipigania miaka mingi, kwa hiyo kinga hii ina umri unaozidi karne.

Hoja nzito ya wanaopinga kuzuia abiria wa ziada ni kwamba mkazi wa kisiwani hana chombo kingine, na kumwacha gatini jioni ya gulio ni kumlaza nje pamoja na mzigo wake. Hoja hiyo ni ya haki kabisa, lakini inadai safari ya pili, au kivuko kikubwa zaidi, na yote mawili ni maamuzi ya bajeti yanayofanywa na watu wenye majina na vyeo. Hao ndio wanaonufaika zaidi na msemo huu, kwani ajali isiyo na kinga haina wa kuulizwa.

Abiria wahesabiwe gatini kabla ya kamba kufunguliwa, na nahodha anayekataa kung'oa nanga akiwa na ziada alindwe na mwajiri wake dhidi ya yeyote anayemshurutisha.