GANGO LINALOYEYUKA: JE, NI KUBADILI UUMBAJI WA ALLAH?



Ndugu yangu, umewahi kumwona mtoto mchanga akipigania pumzi? Yapo maradhi ambayo njia ya hewa ya mtoto huwa laini mno, akitoa pumzi kuta zake zinakutana. Mama amempakata, na mtoto anageuka bluu mikononi mwake.

Mwaka 2012, huko Michigan, Marekani, daktari Glenn Green na mhandisi Scott Hollister walimshughulikia mtoto wa namna hiyo. Walipima njia yake ya hewa kwa picha za skani, wakachapa kwa printa kijibomba chenye ufa upande mmoja, kwa unga wa polikaprolaktoni. Wakakishonea kwa nje ya njia ile. Mtoto akapumua. Taarifa ya watoto watatu waliotibiwa hivyo ikatoka 2015.

Sasa zingatia hapa. Kijibomba hicho hakibaki na umbo lile lile. Mtoto akikua, ufa unapanuka naye. Baada ya takriban miaka mitatu kinayeyuka mwilini, na wakati huo gegedu ya mtoto imeshakaza.

Wapo wanaosema, "Huku ni kubadili maumbile ya Allah." Nakuuliza: mtu akivunjika mguu akafungwa gango, aliyefunga amebadili uumbaji? Gango halioteshi mfupa. Linaushika tu, mfupa unaunga kwa amri ya Muumba. Hili nalo ni gango, ila linajiondoa lenyewe.

Na swahaba Arfaja (r.a.) alikatwa pua vitani. Akaweka ya fedha, ikatoa harufu. Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Kuondoa madhara ni jambo moja, kuchezea umbile kwa ajili ya urembo ni jingine. Usiyachanganye.

Wewe mwingine unayesema, "Sasa binadamu anaumba," nawe punguza. Aliyechapa hakuumba pumzi. Alifungua nafasi tu.

Basi usimwambie mzazi mwenye mtoto mgonjwa kwamba kutafuta tiba ni upungufu wa tawakkul. Neno lako laweza kumchelewesha, na mtoto asiyepumua hasubiri. Mwambie amwone daktari, naye amwombe Allah huku akienda.

Allah awaponye watoto wetu. Aamin.