Mbegu ya Pamba Nayo Ina Jina

Mwulize mwanafunzi yeyote wa Nakuru pamba ni nini, naye atakujibu pasi kusita kuwa ni zao la kutengenezea nguo. Hajakosea, ila ametaja nusu tu. Kila kilo moja ya nyuzi huja na mbegu zinazozidi kilo moja na nusu, na mbegu hizo ni chakula. Hukamuliwa mafuta ya kupikia, na masalio yake, yaani mashudu, hulishwa mifugo.

Nakuru kwenyewe hakulimwi pamba, kwani baridi yetu haiifai. Hustawi kule chini kwenye joto, katika Bonde la Kerio upande wa Baringo. Lakini mashudu yake huuzwa huku juu, na ng'ombe wa maziwa wa Njoro na Molo wanayajua kuliko wengi wetu tunaoshika chaki. Neno lenyewe, "mashudu", limo kamusini. Katika maduka ya pembejeo sijalisikia.

Upungufu huu wa msamiati una gharama. Mbegu ya pamba ina sumu iitwayo gosipoli, ambayo mmea huitumia kujikinga na wadudu. Ng'ombe mzima huistahimili kwa kiasi, kwa kuwa tumbo lake la kucheua huidhoofisha. Kuku, nguruwe na ndama mchanga hawana kinga hiyo. Nguruwe huathirika moyo hata akafa. Kuku hutaga mayai ambayo viini vyake hugeuka rangi ya zeituni. Wanadamu nao hawakusalimika: nchini China, wanakijiji waliopikia mafuta ya pamba yasiyosafishwa walikosa watoto, hata watafiti wakaijaribu gosipoli katika miaka ya 1970 kama dawa ya uzazi wa mpango kwa wanaume. (Mafuta ya dukani husafishwa kiwandani, kwa hiyo msomaji asiimwage chupa yake.)

Mwaka 2019 Marekani iliruhusu mbegu za aina mpya ya pamba, iliyobuniwa na Keerti Rathore wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, ziliwe na watu, kwa kuwa gosipoli yake ni haba mno. Desemba mwaka huo huo, Baraza letu la Mawaziri liliidhinisha pamba ya Bt. Wapo wanaodhani hizi ni moja. Sivyo. Pamba ya Bt hupambana na viwavi vya vitumba. Sumu ya mbegu imo vile vile.

Sasa, mfugaji atayajuaje haya? Magunia niliyoyaona yameandikwa Kiingereza kitupu, ilhali Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Walimu wa Kilimo na wa Kiswahili wangeweza kuketi pamoja na wanafunzi wao, wakaitafsiri lebo moja, kisha wakaipeleka kwa mwenye duka. Maneno manane yangetosha kwa kuanzia: "Mashudu ya pamba. Usilishe kuku, nguruwe wala ndama."