Kompyuta ya Anti Iliibiwa na Madeni Ndani

Wasee, mtu akikuambia "data yangu iko salama, iko hapa dukani", muulize swali moja tu: na duka likivunjwa usiku?

Anti yangu anauza spea za magari Kirinyaga Road, Nairobi. Kwa miaka minne alikuwa na kompyuta moja chini ya kaunta. Fundi alimwekea programu ya biashara, akalipa mara moja, basi. Stoo, risiti, madeni, kila kitu kilikaa humo. Mwaka jana wezi wakakata kufuli. Spea hawakugusa sana, ni nzito. Walibeba kompyuta.

Kununua kompyuta ingine si kazi. Kazi ni madeni. Mafundi wa gereji huchukua spea Jumatatu na kulipa Jumamosi, na Anti alikuwa anadai karibu elfu 180. Wengine walikuja wenyewe wakalipa, Mungu awabariki. Wengine wakasema, "Si nilimaliza hiyo, mathe?" Sasa utabishana aje na rekodi zimeenda?

Tulipoanza kutafuta programu mpya, familia ikagawanyika. Binamu yangu alitaka ingine ya kukaa dukani: unalipa 45,000 mara moja, mnamalizana. Mimi nilitaka ya klaudi, yaani data inakaa kwa seva za kampuni na wewe unaingia kwa simu ama laptopu. Hiyo ni 2,500 kila mwezi. Binamu akapiga hesabu: "Mwezi wa 19 yako itakuwa imeshapita yangu." Hapo ako sawa. Tena akanikumbusha Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari na intaneti ikaanza kutambaa. Mteja amesimama kwa kaunta, utamwambia angoje meli irekebishe waya?

Lakini hesabu yake iliacha vitu nje. Ya dukani inataka kompyuta nzuri, UPS ya stima ikipotea, fundi wa kuiangalia, na mtu wa kuchukua nakala kila jioni. Tuseme ukweli: baada ya kusimama siku nzima, nani anakumbuka flashi? Anti alikumbuka wiki mbili za kwanza.

Na klaudi pia si mbinguni. Ni kompyuta za watu wengine kwa jengo lingine. Tarehe 10 Machi 2021, jengo la seva za OVHcloud liliungua Strasbourg, Ufaransa. Kuna wateja waliopoteza data kabisa, kwa sababu hawakuwa na nakala pahali pengine.

Msimamo wangu ni huu: duka dogo lisilo na mtu wa kompyuta liende klaudi. Lakini kabla ya kulipa, uliza maswali matatu. Mtandao ukipotea, naweza kuendelea kuuza, halafu mauzo yaingie baadaye? Naweza kutoa data yangu yote kwa faili ya Excel siku yoyote, bila kuomba mtu? Nikiacha kulipa, rekodi zangu zinaenda wapi? Hilo la tatu usilipuuze, kwa sababu sheria ya kodi inataka uweke rekodi miaka 5, na KRA haitakubali hadithi ya wezi wala ya paswadi.

Kama uko mahali intaneti ni ya kubahatisha, weka ya dukani, sina noma. Hakikisha tu nakala hailali jengo moja na kompyuta.

Sisi tulichukua klaudi. Kila Jumamosi jioni mimi hutoa faili ya madeni na kuiweka kwa laptopu nyumbani. Binamu bado hununa tukilipa 2,500.

Leo ukifika home, uliza mzazi ama bosi wako: kompyuta ikibebwa usiku huu, kesho tutajuaje nani anatudai na nani tunamdai?