Mawimbi yapo Coco, waogeleaji je?

Mtajie shabiki wa soka Brazil, atakujibu Pele na Ronaldo. Italo Ferreira hamjui. Huyo ndiye aliyebeba dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa wanaume katika mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi, kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Mtoto wa mvuvi, alianzia kwenye kifuniko cha boksi la samaki, kama wachezaji wengi wa hapa wanavyoanzia kwenye mpira wa makaratasi.

Kwa hiyo kisingizio cha vifaa hakina mashiko. Coco Beach ipo ndani ya jiji la Dar es Salaam, na kusi ikivuma mawimbi yanakuja yenyewe. Anayeanza hahitaji wimbi kubwa. Anasubiri maji yajae yafunike miamba, anabaki kina cha kiuno, analalia ubao, povu linamsukuma.

Shida ni kuogelea. Kijana wa Ruaha, Kilosa, anakua jirani na mto Ruaha Mkuu, lakini mto una mamba. Ajifunzie wapi? Wa Dar naye anaishia mchangani: soka la ufukweni, mihogo, basi. Bahari anaipa mgongo.

Wanaosaka vipaji UMITASHUMTA na UMISSETA waanzie hapo: mwalimu wa kuogelea na bwawa salama, hata moja kila wilaya. Ubao utafuata. Kumpeleka baharini asiyejua kuogelea ni kuingiza timu uwanjani bila kipa, na bao la huko halirudishwi.