Moyo Unapokwenda Mbio: Hofu, Mazoezi na Mgonjwa wa Presha Ufipa

Miaka michache iliyopita, katika kliniki ya huduma za mkoba mjini Sumbawanga, nilimpokea mama wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa mahindi na maharage kutoka kijiji kimojawapo cha uwanda wa juu wa Ufipa. Shinikizo lake la damu lilikuwa juu. Nilimwandikia dawa, nikamweleza habari ya chumvi, kisha nikamalizia kwa maneno ambayo madaktari wengi huyatamka bila kuyapima: "Mama, sasa upumzike, usijichoshe."

Aliporudi baada ya miezi kadhaa, uzito ulikuwa umeongezeka, presha haikuwa imeshuka ipasavyo, na uchangamfu wake ulikuwa umetoweka. Watoto wake, kwa mapenzi yao, walikuwa wamemnyang'anya jembe, wakamkataza kuchota maji na kumwekea kiti barazani. Siku moja alijaribu kupanda kilima kwenda kanisani. Moyo ukamwenda mbio, akageuza njia akarudi nyumbani. "Si wewe daktari uliyesema nisijichoshe?" aliniuliza. Sikuwa na jibu.

Kosa halikuwa la mama yule wala la wanawe. Lilikuwa langu, na naamini ni kosa la wengi katika taaluma yetu. Tumefundishwa kutibu mishipa, lakini hatujajifunza vya kutosha jinsi mtu anavyousikiliza mwili wake baada ya kupewa jina la ugonjwa. Hoja yangu ni hii: kinachomzuia mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari asifanye mazoezi mara nyingi si uvivu wala ukosefu wa elimu, bali ni hofu. Na hofu haiondoki kwa amri ya daktari. Inahitaji maarifa ya saikolojia.

Tuitazame dalili moja tu, moyo kwenda mbio. Mwezi Septemba 2025, mwanariadha wetu Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia huko Tokyo, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani katika hatua za mwisho kabisa, wote wawili wakiandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kwa mwanariadha wa kiwango hicho, mapigo ya kasi na pumzi za haraka ni taarifa za kawaida kwamba mwili uko kazini. Mgonjwa wangu alipata dalili za aina hiyo hiyo kwenye kilima kidogo, akazisoma kuwa dalili za kifo. Na kwa kuwa hofu yenyewe huongeza mapigo ya moyo, kadiri alivyoogopa ndivyo moyo ulivyozidi kudunda. Akaketi. Kuketi kukaudhoofisha mwili, na mwili dhaifu huona hata mwinuko mdogo kuwa mlima. Huo ndio mduara ambao neno langu moja lilimtia ndani yake.

Lugha ya mitaani nayo huukaza mduara huo. Mtu yeyote akisikia moyo ukidunda husema "presha imepanda", ilhali kwa kawaida shinikizo la juu la damu halina dalili. Hugunduliwa kwa kipimo. Wengine hutafuta sababu nje ya mwili. Jina la Sumbawanga lenyewe, kama wenyeji wanavyolieleza, ni agizo la kutupa uchawi. Daktari anayeicheka hofu ya namna hiyo huwa amejifungia mlango. Ni heri aulize kwanza mgonjwa anadhani ni nini kinachomtokea, na asikilize mpaka mwisho.

Inasikitisha zaidi kwamba Wafipa si watu wa kufundishwa kuutumia mwili. Wazee wao waliyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo, na kilimo chao cha matuta ya mviringo, ntumba, yanayofukia majani ili yawe mbolea, kinatumia nguvu za mwili mzima. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London: makondakta waliopanda na kushuka ngazi kutwa walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa. Mama yule alikuwa kondakta. Mimi nilimgeuza dereva.

Neno "mazoezi" nalo lina tatizo lake. Kwa wengi huleta picha ya vijana wenye bukta katika uwanja wa Nelson Mandela. Mama mtu mzima akionekana anakimbia barabarani atachekwa, naye anajua kwamba atachekwa. Tukisema "fanya mazoezi" tukaishia hapo, tumempa aibu juu ya hofu.

Tufanyeje, basi? Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hujengwa na mambo manne: kufanikiwa yeye mwenyewe, kumwona mtu kama yeye akifanikiwa, kutiwa moyo na anayemwamini, na namna anavyotafsiri hali ya mwili wake. Yote manne yanawezekana katika zahanati. Mhudumu na ahesabu mapigo ya mgonjwa, atembee naye uani kwa dakika chache, ayahesabu tena, kisha wakae na kuyahesabu mara ya tatu. Mgonjwa atashuhudia mwenyewe kwamba moyo uliopanda hushuka. Somo hilo halihitaji mashine.

Pili, ushauri uwe mpango wenye saa na mahali. Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba nia iliyofungamanishwa na tukio maalumu hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. "Nikimaliza chai ya asubuhi nitatembea hadi kisimani na kurudi" ni bora kuliko "nitajitahidi". Wenzake wa kikundi cha VICOBA au kwaya wakiandamana naye, kicheko cha barabarani hupungua makali. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli za wastani, yaani nusu saa kwa siku tano, na jembe linahesabiwa. Kipimo chake ni rahisi: uweze kuzungumza, lakini usiweze kuimba. Kwa mwenye shinikizo la juu, utaratibu huo unaweza kushusha kipimo cha juu kwa milimita 5 hadi 8 za zebaki, pamoja na dawa, si badala yake.

Tahadhari ziko, na zitajwe waziwazi: mwenye kipimo cha 180/110 au zaidi adhibitiwe kwanza kwa dawa, maumivu ya kifua, kizunguzungu kikali au kuzimia ni amri ya kusimama na kwenda hospitali. Hofu yenye mipaka inayojulikana humlinda mtu. Hofu isiyo na mipaka humfunga.

Najua nitajibiwa kwamba foleni ni ndefu na wanasaikolojia ni wachache. Ni kweli. Lakini swali "Unaogopa nini?" halimalizi dakika moja, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kufundishwa yaliyobaki. Vyuo vyetu vya tiba navyo vilifundishe somo hili na kulitahini kwa uzito ule ule wa famakolojia, kwa maana neno la daktari nalo lina kipimo chake na madhara yake.

Mama yule nilimwomba radhi, tukatembea pamoja uani tukihesabu mapigo. Bado anameza dawa zake kila siku. Alipofika mara ya mwisho alikuja na lalamiko jipya: kilima cha kanisani anakipanda, lakini watoto wamekataa kumrudishia jembe. Nimemwambia kliniki ijayo aje nao.