Viwanja vidogo vya ndege: Lami imetangulia, taa na waokoaji wanafuata nyuma

KIWANJA cha ndege cha mkoani kinapozinduliwa, vitu viwili ndivyo hujaa katika picha za siku hiyo: njia ya lami ya kurukia na kutua ndege, na jengo jipya la abiria. Gari la zimamoto, kituo cha hali ya hewa na taa za kuongozea ndege havipati nafasi hiyo, na katika viwanja vingine havipo kwa sababu havijafika.

Tangu Serikali ilipoanza kuifufua Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL) mwaka 2016 kwa kununua ndege za Bombardier Q400 zenye viti 76, safari za mikoani zimeacha kuwa anasa ya wachache. Mfanyabiashara wa Songea, mgonjwa wa Kigoma anayewahi rufaa Muhimbili na mtumishi wa Mpanda anayeitwa kikaoni Dodoma, wote sasa huulizia ndege kabla ya basi. Mkazi wa Kagera anayetaka kwenda Dar es Salaam ana zaidi ya kilometa 1,300 za barabara mbele yake. Njia ya ziwani hadi Mwanza nayo ina kumbukumbu nzito tangu meli ya Mv Bukoba ilipozama Mei 21, 1996 na kuua mamia ya watu.

Hata hivyo, ndege ile ile iliyoondoka katika kiwanja kikubwa chenye kila kitu huenda kutua mahali ambapo vitu vingi havipo. Abiria huona upungufu wa juu juu: chumba kimoja cha kuondokea na kufikia, viti vichache, duka moja la soda, foleni ya mizani mlangoni, na umeme ukikatika jenereta ndiyo tegemeo. Hayo ni usumbufu tu. Upungufu ulio mzito abiria hauoni, ingawa hulipia gharama yake kila safari inapoahirishwa.

Mfano ulio wazi ni taa. Kiwanja kisicho na taa za kuongozea ndege hufungwa jua linapozama. Kwa kuwa ndege moja huzunguka vituo kadhaa kwa siku, kuchelewa kwa saa mbili asubuhi Dar es Salaam hakuishii hapo. Ucheleweshaji huo husukumwa kutoka kituo hadi kituo, na anayebeba mzigo wote ni abiria wa kituo cha mwisho, ambaye safari yake hufutwa kwa sababu ndege haiwezi kuwahi mwanga. Abiria huyo hulaumu shirika la ndege, na mara nyingine ana haki. Lakini kama kiwanja chake kingekuwa na taa, ndege ingefika usiku na yeye angelala kwake.

Suala la mafuta nalo hufanana na hilo. Pale ambapo mafuta ya ndege hayauzwi, rubani hulazimika kubeba ya kwenda na ya kurudi. Uzito huo hutoka mahali fulani, na katika njia fupi ya kurukia, hasa kiwanja kikiwa juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari ambako hewa ni nyepesi, hutoka katika idadi ya abiria au katika mizigo yao. Begi linaloachwa Mwanza na kufika siku ya pili mara nyingi limeachwa kwa hesabu ya kilo.

Tatizo la tatu ni hali ya hewa, na hapa Bukoba ni somo la pekee. Kiwanja chake kiko ukingoni mwa Ziwa Victoria, kikiwa na njia yenye urefu wa kama kilometa moja na nusu. Kwa kawaida mawingu ya ngurumo hujengeka juu ya ziwa usiku, na alfajiri pepo huyasukuma kuelekea ufuko wa magharibi, ndiyo maana Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi nchini. Kwa hiyo ndege za asubuhi hufika wakati mvua ya ziwani haijamaliza hasira zake, na kiwanja kinachotegemea mwanga wa jua huwa na muda mfupi wa kusubiri kabla ratiba yote haijavurugika.

Jumapili ya Novemba 6, 2022, muda mfupi kabla ya saa tatu asubuhi, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani katika hali mbaya ya hewa, ikiwa kwenye hatua ya mwisho ya kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Waliokufa ni 19, wakiwamo marubani wote wawili, na 24 waliokolewa.

Ndege hiyo iliangukia umbali wa mita mia kadhaa tu kutoka kiwanjani. Wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao, miongoni mwao kijana Majaliwa Jackson, ambaye baadaye alizawadiwa Sh1 milioni na, kwa maelekezo ya Rais Samia Suluhu Hassan, akaingizwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Taarifa ya awali ya uchunguzi, iliyotolewa mwezi huo huo, ilieleza kuwa boti ya polisi wanamaji ilikuwa mbali kikazi, na kwamba ilipofika wazamiaji walikwamishwa na upungufu wa hewa ya oksijeni katika mitungi na wa mafuta ya boti.

Heshima aliyopewa mvuvi yule ilistahili. Lakini iliifunika hoja iliyopaswa kujadiliwa kwa sauti kubwa zaidi: kwa nini kiwanja ambacho ndege zake hupita juu ya maji zikija kutua kilitegemea mitumbwi ya wavuvi? Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) hazina utata juu ya jambo hilo. Kiwanja kilicho karibu na maji, ambacho sehemu kubwa ya njia ya ndege kuingia au kutoka iko juu ya maji hayo, hutakiwa kuwa na huduma maalumu za uokoaji zinazolingana na hatari iliyopo. Kanuni hizo pia hupanga uwezo wa zimamoto kwa kufuata ukubwa wa ndege. ATR 42 huhitaji daraja la nne na Q400, ambayo ni ndefu zaidi, huhitaji daraja la sita. Maana yake ni kwamba mkoa unaposhangilia kupata ndege kubwa zaidi, kikosi chake cha zimamoto nacho kilipaswa kuongezwa siku hiyo hiyo.

Kwa nini basi lami hutangulia? Jibu moja ni mgawanyo wa kazi. Majengo na njia za ndege viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege (TAA). Waongozaji wa ndege ni wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), wapima mvua na upepo ni wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), na zimamoto pamoja na polisi wanamaji wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mkopo wa nje, kama ule wa Benki ya Dunia uliotumika kuboresha viwanja vya Bukoba, Kigoma na Tabora, hujenga kinachoweza kupimwa kwa mita. Mshahara wa mzamiaji na mafuta ya boti havimo katika mkataba wa mkandarasi, bali husubiri bajeti ya kila mwaka ya taasisi nyingine, ambayo ina vituo vingine vya kuhudumia.

Jibu la pili ni mapato. Ada ya huduma kwa abiria wa safari za ndani imekuwa Sh10,000 kwa miaka mingi. Kiwanja kinachoondosha ndege moja ya abiria 70 kwa siku hukusanya Sh700,000, na hiyo ni siku ndege imejaa. Gari moja la zimamoto la viwanjani bei yake huhesabiwa kwa mamia ya mamilioni. Hakuna kiwanja kidogo kitakachojiendesha kwa hesabu hiyo, na si haki kukidai kifanye hivyo, kama ambavyo zahanati ya kijijini haidaiwi faida. Fedha hizo ama zitoke katika viwanja vikubwa au katika mfuko wa Serikali.

Kinachotia moyo ni kwamba si kila kinachohitajika ni ghali. Zamani ndege kutua katika mawingu ilitaka mitambo ya ardhini ya gharama kubwa. Leo ndege nyingi zinaweza kuongozwa na setilaiti hadi karibu na njia ya kutua, mradi eneo limepimwa, utaratibu umechapishwa na yupo mtu wa kutoa taarifa sahihi za hali ya hewa. Taa za kuongozea nazo ni sehemu ndogo ya gharama ya kilometa moja ya njia ya ndege. Nchi iliyoweza kujenga njia ya kilometa tatu Chato, ambako ndege za abiria ni chache, haiwezi kusema ilikosa fedha za boti Bukoba. Ilichagua.

Kuhusu Kagera, wazo la kujenga kiwanja kipya mbali na mji, likiwamo eneo la Omukajunguti wilayani Missenyi, limezungumzwa kwa zaidi ya miaka 10. Kiwanja kipya kikijengwa, tatizo la njia fupi litapungua. Lakini kiwanja huchukua miaka mingi kujengwa, na boti yenye mitungi iliyojaa, mafuta na wazamiaji wanaolipwa kukaa zamu huhitaji uamuzi wa bajeti moja tu.